Bei njoo inboksi, mpendwa

Januari nilikuwa natafuta viatu vyeusi vya shule vya binti yangu, namba 34. Si kitu cha kwendea kwa mganga. Nikaviona Instagram, vizuri, soli nene, vya mkanda wa kubandika. Chini ya picha watu kama arobaini wameuliza neno moja: "Bei?" Wote arobaini wamejibiwa kitu kimoja: "Njoo inboksi mpendwa." Nikaenda. Kabla ya bei nikaulizwa: "Upo wapi kipenzi?" Nikasema Mikocheni, maana ndiko iliko ofisi yetu. Jibu likaja: "45,000 na ya kutolea."

Mimi naishi Tabata. Jioni nilipomsimulia mpwa wangu tunayekaa naye, akachukua simu yake, akaulizia picha ileile, akasema yuko Mbagala Rangi Tatu. Akaambiwa 32,000. Ya kutolea hata hakutajiwa.

(Kwa msomaji wa nje ya Tanzania: "ya kutolea" ni makato ambayo muuzaji atakatwa akienda kutoa pesa kwa wakala. Anataka uyalipe wewe, juu ya bei. Ukimwomba lipa namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, ghafla mtandao unasumbua.)

Jumamosi nikashuka Kariakoo mwenyewe. Mtaa wa Congo, jua kichwani, mikokoteni inapita na "pisha pisha, mafuta hayo" ingawa imebeba mabalo ya nguo. Viatu nikavikuta vimepangwa kwenye rafu iliyotandikwa karatasi ya maua ya bluu, karatasi ileile ya kwenye picha, mpaka ile kona yake iliyochanika. Mwenye duka akasema 24,000. Nikaomba, akashuka mpaka 22,000. Nikamwonyesha ile picha kwenye simu. Akacheka: "Huyo winga wangu."

Kariakoo winga ni mtu asiye na duka wala mzigo. Anasimama mdomoni mwa mtaa, anakudaka, "dada unatafuta nini, twende nikupeleke", anakuingiza dukani na kuweka cha juu chake. Siku hizi kahamia kwenye simu. Anapita madukani asubuhi anapiga picha, anapandisha, anasubiri. Nusu ya siri ya "njoo inboksi" imo humo: mara nyingi bei hata yeye haijui. Ukiandika "bei?" naye anamwandikia mwenye duka "bei?", halafu anakutazama wewe. Anatazama picha yako ya harusi ile ya hotelini, anatazama mtaa uliomtajia, ndipo anapiga hesabu.

Cha juu chake sigombani nacho. Ananiokolea nauli, jua na nusu siku. Angeniambia duka linataka 22,000, mimi niachie tano, boda itachukua tatu, ningelipa bila neno na kesho ningemtafuta tena. Kinachoniuma ni kupimwa kama napimwa gauni. Fundi walau ananiambia ninyanyue mikono.

Kuna watu watanijibu kwamba hata Kariakoo kwenyewe bei haikuandikwa popote, na tangu lini Mswahili akanunua kitu bila kupatana? Ni kweli. Nami kupatana nakupenda kuliko hata ninachokinunua. Ila mkipatana dukani mnatazamana. Akinipandishia mno nabetua mdomo, natoka hatua tatu, na yeye anajua jirani yake ana viatu vilevile, ananiita: "Haya dada, rudi, lete hiyohiyo." Mteja mwingine amesimama pembeni anasikia, na akianza yeye kuulizia atashika pale nilipoishia mimi. Inboksi hakuna jirani wala anayesikia. Wale arobaini kila mmoja kafungiwa chumba chake, na ajabu ni kwamba kila mmoja anatoka akiamini kapewa punguzo.

Haya nayasema kwa uhakika kwa sababu nimeyafanya.

Mwaka 2020 nilianza kuuza vitenge kwenye simu ili kuongeza kipato. Aliyenifundisha, shoga yangu aliyekuwa ameshakomaa kwenye biashara hiyo, jambo la kwanza aliloniambia ni nisiweke bei. Watu wakiuliza-uliza chini ya picha, picha inapanda, wengi wanaiona. Washindani hawajui unauzaje. Hizo ndizo sababu zinazosemwa hadharani. Ile isiyosemwa niliielewa baada ya miezi kama miwili: mteja akishaingia inboksi anaona haya kutoka. Umemsalimia, umemuuliza hali ya watoto, umemwita mpenzi, umemtumia picha sita na video ya kitambaa kikikunjuliwa. Sisi tulilelewa kwamba mtu akikukaribisha vizuri huondoki tu kama mwizi. Kwa hiyo anakaa, anajikaza, na mara nyingi anatuma pesa ili tu asionekane hana. Ujanja wote ule umejengwa juu ya adabu za watu. Na kadiri mtu alivyolelewa vizuri ndivyo nilivyomwuzia ghali.

Siku moja niliuza kitenge kimoja, mchoro mmoja, kwa wanawake wawili. Mmoja 28,000, mwingine 38,000. Yule wa 38,000 alikuwa na lugha nzuri zaidi, sina maelezo mengine. Sikujua kwamba wanafanya kazi ofisi moja. Mnajua Ijumaa ofisini watu wanavyopiga vitenge. Wakashona wote wawili, wakakutana kwenye lifti. Saa nne asubuhi yule wa 38,000 akanitumia picha: wamesimama bega kwa bega, wanatabasamu, nguo sare. Hakuandika neno.

Nilimrudishia 10,000. Akapokea, akajibu "asante mpenzi", na hakununua kwangu tena. Angenitukana ningelala.

Tangu hapo kila ninapokwenda naona bei zilizovaa baibui. Dalali anakupigia: chumba, sebule na jiko Sinza, laki mbili kwa mwezi. Unafurahi. Ukifika, kwanza 20,000 ya kuonyeshwa, hata usipopapenda. Ukipapenda, mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, na dalali anataka mwezi mmoja wake. Laki mbili imekuwa 1,420,000 na bado hujanunua balbu. Hakuna mahali alipodanganya. Kila shilingi ilikuwepo, ila ilikuwa inakungoja nyuma ya mlango. Au dukani, baada ya kukubaliana kabisa, muuzaji anashusha sauti: "Na risiti au bila risiti?" Mashine za risiti tunazo nchi hii tangu 2010, na kodi ya ongezeko la thamani, ile ya asilimia 18, si habari mpya kwa mtu yeyote mwenye duka. Najua wafanyabiashara wa Kariakoo wana malalamiko yao na watu wa kodi, walifunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaenda kuwasikiliza, na mengi waliyosema yalikuwa na msingi. Lakini mimi mnunuzi nilikuja na bei moja kichwani, sasa naambiwa ile ilikuwa bei ya wezi, ya waungwana ni nyingine.

Hapa nalinganisha na vifurushi vya simu. Tunavilalamikia kila siku, na tuna haki. Lakini mnakumbuka Aprili 2021, bei mpya zilipotoka? Nchi nzima ilipiga kelele, na bei zile zikasitishwa. Kelele zile ziliwezekana kwa sababu wote tuliona tarakimu moja. Wa Masaki aliiona, wa Namtumbo aliiona, wakakasirika pamoja. Bei ya inboksi huwezi kuipigia kelele. Ukisema "wameniuzia 45,000", mwenzio anakuambia mbona mimi 32,000, na mara moja mjinga ni wewe, si aliyekuuzia.

Wenzetu wa Kenya walilishika hili upande mmoja. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani yao iliyaagiza mabenki na kampuni za simu kumwonyesha mteja gharama ya muamala wa simu kabla hajaukamilisha. Ni jambo dogo, mstari mmoja kwenye kioo, lakini mtu anajua anachokubali kabla ya kubonyeza. Kwetu kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Nimewahi kufikiria kumpeleka winga wangu huko, nikajikuta nacheka peke yangu. Nitamshitaki kwa lipi? Hakusema uongo. Hakusema chochote, alisema njoo. Na kwa kweli sidhani kama dawa ni kumtia pingu kijana wa miaka ishirini na mbili anayehangaika na simu yenye kioo kilichopasuka.

Basi nimejitungia utaratibu. Siendi tena inboksi kuulizia bei. Naandika palepale chini ya picha: "Weka bei hapa, nanunua leo." Wengi wananipita. Mmoja, wa mapazia, alinijibu kwamba wateja wake hawaulizi bei hadharani, wanajiheshimu, kisha akanifungia. Mama yangu anasema natafuta ugomvi na watoto wa watu.

Wiki mbili zilizopita kijana anayeuza chupa za chai akanijibu hadharani: "26,000 dada, maongezi yapo." Kumbe kulikuwa na watu wamekaa kimya wanangoja. Mmoja akaruka: mimi nachukua tatu kwa 60,000. Kijana akamwambia kwa bei hiyo utapewa vifuniko. Watu wakacheka. Mwingine akasema 22,000, mwingine akasema huyo mwachie 25,000 na yeye ale, kijana akakataa hiki, akashusha kile, mpaka akatangaza mwenyewe: mwisho 24,000 kwa wote, asiye na pesa apishe. Nikamwandikia naitaka ya kijani, halafu nikauliza kwa uzoefu, "Na ya kutolea?"

"Lipa namba hiyo hapo juu dada, karibu."