Mtaala mmoja hautampa fundi umeme cheti kinachovuka mpaka

Inaudhi kusikia tena eti dawa ya vyeti vya ufundi kutotambuliwa toka nchi moja ya Afrika Mashariki hadi nyingine ni nchi zote kuandika mtaala mmoja. Wahandisi na wahasibu wana makubaliano yao ya kutambuana ndani ya Jumuiya. Fundi umeme anaahidiwa kitabu.

Kufunga sakiti ya soketi kumo katika kila mtaala wa umeme wa majumbani. Lakini Tanzania, Kenya na Uganda tulirithi ringi ya Waingereza: waya wa milimita 2.5 za mraba unatoka kwenye breka (swichi inayojikata mzigo ukizidi) ya ampea 32, unapita soketi zote, unarudi ulikoanzia. Breka kubwa hivyo inavumilika kwa sababu kila plagi ya pini bapa ina fyuzi yake ndani. Bujumbura, Burundi, plagi ni za Ulaya, pini za mviringo, hazina fyuzi. Fundi aliyefaulu vizuri Dodoma akifunga ringi kule, mtu akachomeka pasi na jiko kwenye ekstensheni ya waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba, waya utayeyuka na breka ya 32 imetulia tu.

Kwa hiyo tuoanishe mtihani kwanza. Na mtihani usiwe wa kuwasha taa na kupeana mikono! Ringi ikikatika, soketi zote huendelea kufanya kazi, huku upande mmoja wa waya ukiweza kubeba karibu mzigo wote hadi uchemke. Mtahini alegeze waya mmoja nyuma ya soketi, arudishe kifuniko, amwachie mtahiniwa mita ya kupimia umeme. Apime mwendelezo, yaani kama waya haujakatika, wa nyaya zote tatu, laivu, nyutro na ethi, ncha hadi ncha. Apime insulesheni, ganda linalozuia umeme kuvuja, kwa volti 500 za DC. Ikisoma chini ya megaohm 1, asiwashe. Alama zitolewe kwa kuikuta hitilafu na kueleza imetokeaje.

Nakubali, mtaala wa pamoja utarahisisha kubadilishana vitabu na wakufunzi. Basi.

Hata namba zetu zinagongana: kwetu Tanzania ngazi ya III ya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ndiyo ya juu, ilhali kwenye majaribio ya ufundi ya Kenya gredi ya III ndiyo ya chini. Mwajiri atajuaje?

Cheti kiorodheshe vipimo ambavyo fundi amefaulu. Anayehamia Bujumbura aongezewe yanayotofautiana tu: sakiti isiyorudi ilikotoka, breka ya ampea 16, plagi isiyo na fyuzi, kisha jaribio karakanani kabla ya kukabidhiwa nyumba ya mtu.