Chakula cha mahabusu kinaliwa na nani?

Januari 2009, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Alabama, Marekani, U.W. Clemon, alimtia ndani mtu ambaye kazi yake ni kuwatia ndani wengine: Greg Bartlett, sherifu (mkuu wa polisi na jela) wa Kaunti ya Morgan. Kesi ilianzia jikoni. Mahabusu walifika kizimbani kueleza wanavyolishwa, na walichokikumbuka zaidi ni soseji zilizovikwa unga wa mahindi, mara mbili kwa siku, wiki baada ya wiki. Sherifu alikuwa ameziokota kwa bei ya kutupa, shehena moja akagawana na mwenzake wa kaunti nyingine. Ndani ya miaka 3 alibakiwa na dola 212,000 za chakula, na zote zikaingia mfukoni mwake.

Alilala ndani usiku mmoja tu, akatoka baada ya kuahidi kwamba fedha ya chakula itanunua chakula. La kushangaza ni kwamba hakuwa ameiba. Sheria ya zamani ya Alabama ilimpa sherifu dola 1.75 kwa kila mtu kwa siku, na desturi iliyojengwa juu yake ilikuwa hivi: kikibaki ni chako, kikipungua utajua mwenyewe. Kiswahili chetu kina neno moja kwa anayekula wali na anayekula fedha. Huko Alabama waliligeuza kuwa utaratibu wa uhasibu.

Kabla sijaendelea, msomaji wa Nairobi asichanganyikiwe na hilo neno kaunti. Kwetu Kenya, magereza ni ya serikali kuu na gavana hana funguo. Marekani karibu kila kaunti ina jela yake, na anayeiendesha mara nyingi ni sherifu (wala si sharifu) aliyepigiwa kura na wananchi. Wenye vifungo virefu hupelekwa kwenye magereza ya jimbo. Jela ya kaunti ni ya waliokamatwa jana, waliokosa dhamana, na wenye vifungo vya miezi. Katikati ya mwaka 2022 humo walikuwamo watu 663,100, na kati ya kila 10, 7 walikuwa hawajahukumiwa. Sisi tungewaita mahabusu, wa rumande. Kiingereza chao cha kila siku huwaita wafungwa wote kwa pamoja, na nadhani nusu ya ugomvi kuhusu namna ya kuwatendea inaanzia hapo.

Maisha yenyewe ya humo hayana sinema. Kifungua kinywa huja alfajiri mno, jela nyingi ni saa kumi au saa kumi na moja, kwenye trei ya plastiki. Godoro ni jembamba, choo na sinki ni chuma kimoja kilichounganishwa, na choo hicho kiko hatua moja kutoka kichwani pa anayelala. Usiku taa hupunguzwa, hazizimwi. Kuna kuhesabiwa, kisha televisheni, kisha kuhesabiwa tena. Chakula cha jioni kikija mapema, saa kumi au kumi na moja, usiku unakuwa mrefu kwa tumbo. Ndipo duka la ndani linapoingia. Mwenye ndugu wa kumtumia fedha hununua pakiti ya tambi, huzivunja ndani ya mfuko wa krispi, humimina maji ya moto ya bomba, hufunga mfuko kwa shati na kusubiri. Mwingine anachangia soseji, mwingine pilipili. Tambi hizo ndizo sarafu: hulipia kunyolewa, hulipia deni la karata. Asiye na mtu nje anaangalia.

Wanaotetea ugumu huu wana hoja, na si zote za kikatili. Ya kwanza ni ile ya jela si hoteli. Joe Arpaio wa Kaunti ya Maricopa, Arizona, aliijengea mji mzima wa mahema mwaka 1993, jangwani, akawavalisha watu chupi za waridi, akapunguza milo hadi miwili kwa siku na kujisifu kwa urahisi wa gharama. Wapiga kura walimchagua mara 6. Hoja hiyo siipi uzito. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1979, katika kesi ya Bell na Wolfish, kwamba ambaye hajahukumiwa haadhibiwi. Mwaka 2008 jaji mwingine wa shirikisho, Neil Wake, alimwamuru Arpaio awape mahabusu chakula kinachofuata miongozo ya lishe ya taifa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Bell na Wolfish ileile iliruhusu watu wawili kuwekwa katika selo iliyojengwa kwa mmoja, kwa sababu kubana si lazima kuwe adhabu. Jela hupokea mtu saa tisa usiku akiwa amelewa, au anatetemeka kwa kukosa dawa za kulevya, au ana ugonjwa wa akili ambao hospitali imeukimbia, na humjui kama ana wembe. Wengi huondoka kabla mwezi haujaisha. Ni vigumu kujenga huduma juu ya watu wanaopita kama abiria wa stendi, kwa bajeti ya kaunti maskini ambayo inagombaniwa na barabara na shule. Masherifu husema pia kwamba kamisheni ya simu (fungu la malipo ya simu linalorudi jela) na faida ya duka ndizo zinazonunua vitabu na kulipa walimu. Ziondoe, wanasema, uone kama mlipakodi atatoa.

Naikubali shida hiyo. Nisichokikubali ni anayekabidhiwa bili. Kabla ya ukomo wa bei za simu uliotangazwa mwaka 2024, dakika 15 za simu katika jela kubwa ziliweza kufika dola 11.35, na anayelipa ni mama aliye nje, ambaye hakukamatwa. Chakula kikiwa kibaya, tambi zinauzika. Si lazima sherifu awe na roho mbaya. Hesabu zimepangwa ili njaa iwe mapato.

Kaunti ya Etowah, Alabama, ilikuja kuonyesha hilo waziwazi. Mwaka 2018 ilifahamika kuwa sherifu Todd Entrekin alibakiwa na zaidi ya dola 750,000 za chakula katika miaka 3, na kwamba yeye na mkewe walinunua nyumba ya ufukweni ya dola 740,000. Kijana aliyemkatia nyasi nyumbani alilipwa kwa hundi iliyochapishwa jina la akaunti ya chakula. Entrekin alijitetea kwamba sheria inaruhusu, na kwamba hatari ni yake pia: mtangulizi wake alipofariki, salio la chakula lilikwenda kwa warithi, ikabidi yeye akope ili watu wale. Utetezi huo ni wa kweli, na kwangu ndio unaoiangusha sheria kuliko lawama zote za wapinzani wake.

Juni 2018 alishindwa kura za mchujo. Julai, gavana Kay Ivey akaagiza sehemu ya fedha hizo zisilipwe tena kwa jina la sherifu binafsi. Mwaka uliofuata bunge la jimbo likafunga mwanya na kupandisha posho ya chakula kutoka dola 1.75 hadi 2.25. Kwa siku nzima, si kwa mlo.