Yule Anayekaa Pembeni ya Mwanafunzi wa Udereva

Mpwa wangu alipopata leseni ya kujifunzia, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupigiwa simu. "Shikamoo mjomba. Nimeipata! Tunaanza lini?" Nikamwambia marahaba, hata kesho. Sikuuliza kama bima ya gari inamtambua mtu anayejifunza. Sikuuliza masharti ya leseni yake yanasemaje. Wala sikujiuliza kama mimi mwenyewe nafaa kukaa kile kiti cha pembeni. Nilidhani kinachotakiwa ni kuwa na nafasi na roho ngumu kidogo.

Siku ya tatu tukafika kwenye njia panda yenye mwinuko. Aliachia klachi haraka, gari likashtuka kama mtu aliyepiga chafya, likazima. Akawasha, likazima tena. Honi zikaanza nyuma yetu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka juu ya gia, na mguu ulishatoka kwenye breki bila yeye kujua, gari likaanza kurudi nyuma taratibu. Na mimi je? Nilikuwa nimeinamia simu, najibu ujumbe ambao hata leo siukumbuki ulihusu nini. Honi ya tatu, ndefu, ndiyo iliyoniinua kichwa. Nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zote. Kati ya bampa letu na la yule wa nyuma palikuwa pamebaki upana wa kiganja.

Kijana akashusha kioo, akamwomba radhi yule dereva. Kisha akanigeukia, "Samahani mjomba." Hiyo samahani ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi, maana aliyekosa nilikuwa mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma masharti ya leseni za kujifunzia, ya kwetu na ya wenzetu, na kila ninapoyasoma naona jambo lile lile: sehemu kubwa ya masharti hayo inamtazama mtu wa pembeni. Uingereza inataka msimamizi awe ametimiza umri wa miaka 21 na awe na leseni kamili kwa muda usiopungua miaka 3. Ufaransa, ambako kijana anaweza kuanza kuendesha akiwa na miaka 15 chini ya uangalizi, inataka mwangalizi huyo awe na leseni kwa miaka 5 mfululizo. Jimbo la Ontario kule Kanada linataka uzoefu wa miaka 4, na linakwenda mbali zaidi hadi kupima kilevi cha huyo asiyeshika usukani: kiwe chini ya asilimia 0.05 kwenye damu. Ujerumani ndio wamefunga mlango kabisa. Kule mjomba hana nafasi, anayejifunza barabarani anajifunza na mwalimu aliyesomea kazi hiyo, kwenye gari ambalo mwalimu ana pedali zake.

Kuna wanaoona hayo ni urasimu. Nani ataanza kuhesabu miaka ya leseni ya baba yake? Lakini hebu fikiri sheria inamwona vipi mtu wa pembeni. Abiria anaruhusiwa kulala. Abiria anaruhusiwa kunywa bia tatu kisha akabebwa nyumbani. Msimamizi haruhusiwi, kwa sababu machoni pa sheria gari lile lina madereva wawili, mmoja ana mikono na mwingine ana macho. Ndiyo maana Uingereza imekataza msimamizi kushika simu wakati mwanafunzi anaendesha, sawasawa na ilivyokatazwa kwa dereva. Niliposoma kifungu hicho nilijiona mimi mwenyewe pale kwenye mwinuko, kichwa chini, kidole gumba kikichapa.

Ireland nao wamefika mbali, na walifikishwa na msiba. Mwaka 2015 mama na binti yake walifariki baada ya gari lao kugongwa na gari lililoendeshwa na mwenye leseni ya kujifunzia aliyekuwa peke yake. Baba wa familia hiyo akapigania sheria ibadilike, na tangu Desemba 2018 mwenye gari anayejua kwamba kijana hana wa kumsimamia, na bado akamwachia funguo, naye anashtakiwa. Gari lenyewe linaweza kuzuiliwa na polisi. Nimesikia watu wakilalamika kwamba huko ni kumwadhibu mzazi kwa kosa la mtoto. Mimi sioni hivyo. Kutoa funguo ni kitendo, na aliyekitenda ni mtu mzima.

Sasa, kwa nini macho ya mtu wa pili yana uzito kiasi hicho? Kwa sababu kucheza na klachi na gia ni kazi ya wiki mbili tatu tu. Kinachochelewa ni kuona. Anayejifunza hutazama pua ya gari na mstari wa barabara, na akijitahidi sana hutazama gari lililo mbele yake. Mzoefu ameshaona mbali: lori limewasha indiketa na halijakata, mtoto amesimama ukingoni na mpira mkononi, gari lililoegeshwa lina mtu ndani na mlango wake unaweza kufunguka wakati wowote. Watafiti wa usalama barabarani katika nchi nyingi wamekuta jambo ambalo mwanzoni lilinishangaza: mtu anapojifunza akiwa na msimamizi, hupata ajali chache sana. Hatari hupanda ghafla katika miezi ya kwanza baada ya kufaulu mtihani, pale anapotoka peke yake. Uhodari wake ni ule ule wa wiki iliyopita. Kilichoondoka ni yale macho mengine.

Kwa hiyo siku hizi nikikaa pembeni sifundishi sana, nauliza. Namwambia mpwa wangu ataje kwa sauti anachokiona. Mwanzo aliona haya, akawa anataja taa na vibao peke yake. Siku moja akasema, "Yule mama mwenye mwavuli hajatuona." Nilikuwa sijamwona mimi pia. Akapunguza mwendo kabla sijafungua mdomo, na mama akavuka.

Suala la saa za mazoezi lina ubishi wake. New South Wales, Australia, kijana aliye chini ya miaka 25 hutakiwa kuandika kwenye daftari saa 120 za kuendesha, 20 kati ya hizo ziwe za usiku. California wanataka saa 50 kwa walio chini ya miaka 18, na 10 ziwe za usiku. Ufaransa, kwa wale wanaoanza na miaka 15, wanahesabu umbali: kilomita 3,000. Wapo wanaosema saa 120 ni nyingi kupita kiasi, na wapo, tusidanganyane, wanaojaza daftari lote jioni moja kwa kalamu mbili za rangi tofauti, mzazi anatia sahihi huku anacheka. Mimi hesabu kubwa hainitishi. Kinachonisumbua ni kurudia njia ile ile, kwenda dukani na kurudi, mchana wa jua kali, mara sitini. Saa za namna hiyo zinajaza karatasi tu. Ningeambiwa nichague, ningepunguza jumla na kuongeza za usiku na za mvua, maana taa za gari linalokuja mbele zikipiga kwenye kioo chenye maji, hapo ndipo mtu hujua kama anaweza kuendesha.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi sana masharti yanayomfungia mwanafunzi barabara kuu za mwendo kasi moja kwa moja. Naelewa hofu iliyopo. Lakini ukimkataza hadi siku ya mtihani, unampangia akutane na ile kasi kwa mara ya kwanza akiwa hana mtu. Uingereza walilegeza hapo mwezi Juni 2018: mwanafunzi anaingia barabara zao za mwendo kasi (motorway) akiwa na mwalimu aliyeidhinishwa, kwenye gari ambalo mwalimu ana pedali zake. Naona walifanya la maana.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Kibao cha L kiwekwe mbele na nyuma pale kinapotakiwa, kisifichwe kwenye kona ya kioo kama stika ya timu ya mpira, na kivuliwe mwanafunzi anaposhuka, la sivyo madereva wengine watazoea kukipuuza. Pombe kwa anayejifunza ni sifuri hata pale sheria inapomruhusu kidogo. Na bima: mpigie simu anayekukatia, umuulize waziwazi kama anayejifunza amo, kwa sababu gari lenye bima kamili linaweza kuhesabika halina bima kabisa kutegemea nani ameshika usukani. Mimi nilipopiga, wiki moja baada ya ile njia panda, niliambiwa hakuwamo. Nikakaa kimya kwenye simu mpaka yule dada akauliza kama bado nipo.

Jana mpwa ameniandikia: anataka twende Jumamosi asubuhi, kabla barabara hazijajaa. Nimemjibu aje saa moja jioni, giza likishaingia, na utabiri unasema kutakuwa na manyunyu. Simu yangu nitaiacha mezani.