Mwongozaji, mwachie mwenzako kamera

Mara ya kwanza kuongoza filamu niliongoza huku kamera iko mkononi mwangu, na ningetamani kila mwanafunzi wa filamu hapa Kigoma aliepuke kosa hilo.

Tulikuwa watano, asubuhi, ufukweni Kibirizi. Filamu yetu ni ya dakika sita: mama anaanika dagaa huku akimsubiri mwanawe aliyekwenda ziwani usiku, mitumbwi inarudi mmoja mmoja, wa mwanawe hauonekani. Aliyeigiza ni mama anayeanika dagaa kweli, pale pale. Nilimwamkia, nikamsimulia kisa, kisha nikainamia kioo cha kamera na sikuinua uso hadi jua likawa kali.

Picha zilikuwa nzuri. Nilipoanza kuunganisha vipande ndipo nikaona. Kipande cha kwanza khanga iko kiunoni, cha pili iko begani, na tukio ni lile lile. Boti ya abiria iling'oa nanga ikameza maneno yake ya mwisho. Na uso wake, ambao ndio uliobeba kisa kizima, ulikuwa wa mtu asiyejua anazungumza na nani. Hakuwa na wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo.

Wenzangu wengi hujibu kwamba hatuna fedha wala watu, kwa hiyo mmoja afanye yote. Sikubaliani nao. Hata mkiwa wawili tu, mmoja apige picha na mwingine aongoze. Mpiga picha ana hesabu zake, na Kibirizi ni ngumu: asubuhi jua linatokea upande wa mji, nyuma ya mtu anayetazama ziwa, uso unabaki kivulini. Ukisimama majini kumtazama, jua linakuja moja kwa moja kwenye lenzi. Kulitatua hilo kunahitaji akili nzima ya mtu mmoja. (Na ratiba za jua mnazopewa na wenzetu wa Dar msizifuate, huku linazama kama dakika 40 baada ya kwao.)

Tulirudi kurekodi upya. Safari hii kamera nilimpa mwenzangu, naye akamtafutia mama mwanga kwa shuka jeupe lililoshikwa na mtu pembeni. Mimi nikakaa mchangani na hedifoni masikioni, hatua mbili kutoka kwa mama.

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshamtembelea, na ndiye aliyeniokoa na tarehe niliyochagua. "Siku hizo ni za mbalamwezi, mwanangu. Utawapata wapi wavuvi?" Dagaa hufuata taa usiku wa giza; ziwa likiwa jeupe lote kwa mbalamwezi, taa haina kazi, mitumbwi inapumzika. Ratiba yote ikasogezwa. Swali hilo nisingelisikia kama ningekuwa nimeshughulika na betri na kadi.

Tukafika kwenye tukio la mwisho. Skripti yangu ilisema mama anasimama, anatazama maji, analia. Akaniuliza, "Nisimame tu? Na hawa dagaa nani atawageuza? Wakioza, mwanangu akirudi atakula nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Basi mama, fanya kama ambavyo ungefanya."

Akaendelea kugeuza dagaa. Kila baada ya viganja viwili vitatu anatupa jicho ziwani, anarudi kwenye kazi. Hakulia. Mkono ukaanza kwenda polepole, ukasimama juu ya dagaa, na niliona kidole gumba kikisugua kidole cha shahada, kama mtu anayehesabu. Nilimgusa mwenye kamera bega, akaelewa, akasogea hadi kwenye ule mkono. Upepo ulikuwa umetulia. Kwenye hedifoni nilisikia magamba makavu yakisuguana.

Kipande hicho kina karibu dakika moja. Sikukikata popote.