Jahazi Likivunjwa, Mbao Zitagawanywaje?

Siasa zikichacha kiasi cha majirani kunyimana salamu, hawakosekani wanaosema: basi, tuvunje jahazi tugawane mbao, kila upande uwe nchi yake. Siwabezi. Wana mfano wa kweli mkononi: Czechoslovakia, nchi ya Ulaya iliyogawanyika Januari 1, 1993 bila risasi kulia.

Tuutazame kwa karibu. Mwaka 1992 mawaziri wakuu Václav Klaus kwa upande wa Wacheki na Vladimír Mečiar kwa upande wa Waslovakia walikaa mezani wakaelewana. Mali ya shirikisho iligawanywa mbili kwa moja, kwa kufuata idadi ya watu, na majengo yakabaki kwa aliyekuwa nayo kwenye ardhi yake. Sarafu ya pamoja haikumaliza hata miezi miwili. Lakini mpaka haukuchorwa mwaka ule. Tangu 1969 kila upande ulikuwa jamhuri yenye bunge na serikali yake, na hapakuwa na mji wa kugombaniwa. Norway nayo, ilipoachana na Sweden mwaka 1905, ilikuwa na katiba na bunge lake tangu 1814. Jambo moja linanikera: Wacheki na Waslovakia wenyewe hawakupigishwa kura ya maoni.

Sudan Kusini walipiga. Januari 2011 karibu asilimia 99 walichagua kuondoka, Khartoum ikakubali, na baada ya vita vya miongo mingi haki yao siitilii shaka hata kidogo. Ila mafuta mengi yalibaki kusini na bomba la kuyafikisha baharini likabaki kaskazini. Januari 2012 Juba ikasimamisha uzalishaji. Aprili majeshi ya nchi hizo mbili yalikuwa yakipigana Heglig, eneo la mafuta mpakani. Kuhusu Abyei, eneo la mpakani linalodaiwa na pande zote mbili, ubishi haujaisha.

Na hapo angalau palikuwa na mstari wa kuanzia. Mgawanyiko wa vyama hauna. Chukua Marekani, ambako maneno ya kutengana husikika mara kwa mara. Katika uchaguzi wa rais wa 2020 Donald Trump alishindwa vibaya California, lakini ndiko alikopata kura nyingi kuliko jimbo jingine lolote, zaidi ya milioni 6. Joe Biden alishindwa Texas akiwa na zaidi ya milioni 5. Watu hao wahamie wapi? Bosnia, ambako jamii ziliishi zimechanganyika mji kwa mji na kijiji kwa kijiji, swali hilo lilijibiwa kwa bunduki kuanzia 1992 hadi 1995, na watu wapatao laki moja wakafa.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1869 kwamba jimbo haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake. Njia ni mapinduzi au ridhaa ya majimbo mengine. Maana yake, viongozi walewale ambao wameshaacha shughuli za serikali zisimame kwa kutoelewana juu ya bajeti ya mwaka mmoja wangepaswa kuelewana juu ya deni la taifa, jeshi na silaha za nyuklia.