Washenga wa Dhahabu

Viti vya barazani kwetu Ngamiani vilichomelewa na fundi asiyeamini kwamba binadamu ana mgongo. Vya nondo tupu, vinne, na meza yake. Marehemu baba alivipaka kijani. Mama akaja akavipaka buluu. Halafu mtu ambaye mpaka leo hajajitaja akavipaka rangi ya maziwa iliyobaki kwenye ukuta. Ukikwangua kwa ukucha unaisoma nyumba nzima, ila ukifika chini kabisa unakuta kutu. Tanga chumvi ya bahari haimwachi mtu salama, sembuse nondo. Kiti kimoja kilikuwa na tabia ya kung'ata mabaibui, na wageni tulikuwa tukiwaonya mapema: "Bibi, hicho usikalie, kinachana." Mtu wa kudai akija, ndicho tulichomkaribisha.

Tukaishi hivyo kwa amani mpaka dada yangu alipopata mchumba.

Washenga walikuwa waje Jumamosi alasiri. Ijumaa asubuhi akashuka Shangazi kutoka Pangani na kikapu chake, na kabla hata sijamaliza shikamoo, macho yameshafika kwenye viti.

"Washenga mtawakalisha wapi?"

"Hapo hapo, Shangazi."

"Juu ya vyuma hivyo? Watu waje kuchumbia, waondoke na pepopunda?"

Tukamwita fundi rangi. Akavizunguka, akabonyeza hapa na pale, akasema kazi ya haki ni kutoa rangi yote ya zamani kwa brashi ya waya, kupiga msasa, kupaka ile nyekundu ya kuzuia kutu, kuiacha ikauke, ndipo rangi yenyewe ije kwa tabaka nyembamba nyembamba. "Nipeni wiki." Tukamwambia wageni ni kesho. Akacheka, akamaliza chai yetu, akaenda zake.

Basi nikaenda mwenyewe duka la vifaa vya ujenzi kutafuta rangi ya kopo, ile ya kupuliza. Shangazi alinituma neno moja tu: nilete rangi ya heshima. Nikamuuliza muuzaji rangi ya heshima ni ipi. "Dhahabu," akasema, wala hakufikiri.

Na hapa nina neno na yule bwana, kwa sababu hakuniambia kwamba dhahabu ya kopo si dhahabu. Ile ni unga wa shaba iliyochanganywa na zinki, vigamba vidogo mno, na kazi ya vigamba hivyo ni kupanda juu ya rangi na kulala pale kifudifudi. Ndipo unapotoka ule mng'ao. Sasa kwa kuwa viko juu, hakuna cha kuvishika vizuri. Ukivigusa, vinakufuata. Ukitaka kuvizuia kwa kupaka vanishi juu yake, mng'ao unafifia na kiti kinarudi kuwa kahawia. Mambo haya siku hizi nayajua sana. Ijumaa ile nilijua bei tu, na bei ilikuwa nzuri.

Maandishi ya kwenye kopo yalikuwa Kiingereza na Kichina, madogo kama mayai ya chawa, lakini palikuwa na picha ya mkono umeshika kopo mbali kidogo na kiti. Picha naisoma. Ikaandikwa pia utikise vizuri kabla ya kupuliza, na hilo halihitaji tafsiri, maana ndani mna gololi ya kuchanganya rangi na inapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Watoto wote wakaisikia. Kabla sijapuliza hata tone, nimeshazungukwa.

"Anko, ikiisha tupe gololi."

"Mimi ndiye niliyesema wa kwanza, Anko!"

Nikawaeleza kwamba kopo hilo lina gesi iliyobanwa, ukilitoboa au ukilitia motoni linaweza kukulipukia usoni. Wakanisikiliza kwa adabu. Walipokwisha kunisikiliza, wakaanza kugombana ni nani atakayelitoboa.

Msasa nilipiga. Mtu asije akasema sikupiga. Nilipiga zile sehemu zinazoonekana mgeni akiwa amekaa.

Nilikusudia kufanyia kazi uani, kuna ukuta pande zote. Mama akanifukuza: "Na gesi yako hiyo! Huoni nina mafuta motoni?" Alikuwa na haki, kitu kile kinashika moto vibaya. Nikavitoa viti barazani, mbele ya barabara, nikatandika magazeti chini, nikafungua kifuniko.

Mwezi ulikuwa wa saba. Mtu wa pwani akiambiwa mwezi wa saba hahitaji kuambiwa zaidi: kusi. Nami siyo mjinga, nililowesha kidole nikapima upepo unatoka wapi, nikaupa mgongo. Ila mtaani kwetu kuna nyumba ya kona iliyopandishwa ghorofa, na upepo ukiipiga ile ghorofa unarudi kwa njia ambayo hukuutarajia. Nikiugeukia huku, unakuja kule. Nikihama, unahama. Rangi ya kopo ilibuniwa Marekani mwaka 1949 na Edward Seymour, mtu wa Sycamore kule Illinois, na inasemekana wazo lilikuwa la mkewe, Bonnie. Seymour alikuwa anauza rangi ya alumini ya kupaka vyuma vya kupashia nyumba joto. Ndani ya nyumba! Madirisha yamefungwa kwa baridi! Mtu wa namna hiyo atajuaje habari za kusi?

Pumzi ya kwanza ilikwenda kwenye kiti. Ya pili nusu kwa nusu. Ya tatu ilitoka ikawa wingu, ikavuka barabara kwa starehe zake, na wakati huo huo akapita muuza kahawa na dele lake. Akasimama katikati ya wingu, akakohoa, likampita. Mkono mmoja umeng'aa, kofia imeng'aa. Dele lenyewe lilikuwa shaba tangu hapo, halikuonyesha tofauti. Akalitazama dele, akautazama mkono, akasema, "Ndugu yangu, ungeniambia, ningekuletea na vikombe."

Mbuzi wa jirani hakuwa na ucheshi huo. Ni beberu mweupe, mnene, anayependa kulala kwenye kivuli cha mwarobaini ng'ambo ya barabara. Wingu lilipomfikia hakuinuka, alifumba macho tu. Alipokuja kusimama, ubavu wa kushoto ulikuwa dhahabu tupu kuanzia bega hadi mkia.

Mimi mwenyewe ilinipata kwa namna nyingine. Tundu la kupulizia liliziba, nikaligeuza kopo nilitazame kwa karibu, nikalibonyeza kidogo kulijaribu. Likazibuka. Sharubu zote, mdomo wa juu, na ncha ya pua. Nikakimbilia mafuta ya taa. Mafuta ya taa yanatoa rangi, ni kweli, lakini hayaitoi usoni, yanaihamisha tu. Kutoka mdomoni ikahamia mashavuni.

Jioni viti vilikuwa tayari. Na niseme haki: vilipendeza! Palipokuwa na kutu hapaonekani, palipokuwa na buluu hapaonekani. Sehemu mbili tatu rangi ilitoa machozi kwa sababu nilikazana kuimaliza, lakini yalikuwa machozi ya dhahabu. Majirani walikuja kutazama. Bibi mmoja aliuliza kama tumeviagiza Dubai. Shangazi akaweka mkono kifuani.

"Sasa hivi ndivyo viti," akasema. "Na mtu asiviguse mpaka wageni waje. Hata kwa kidole."

Tukamtii. Hakuna aliyevigusa.

Jumamosi asubuhi Shangazi alinitazama kwenye mwanga, akaingia ndani, akatoka na leso, akanifunga kuanzia kidevuni hadi utosini, akakaza fundo. "Wewe jino linakuuma."

"Shangazi, mimi ndiye kaka wa bibi harusi, si nitatakiwa niseme neno?"

"Lile jino linakuuma sana."

Washenga wakaja baada ya Alasiri, wanne, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinakata, kofia za vito, udi unawatangulia hatua kumi. Mkubwa wao alikuwa mzee wa ndevu nyeupe safi, mtu wa maneno yaliyopangwa. Wakakaribishwa viti vinne. Sisi tukakaa mkekani, Ami katikati, mimi pembeni na jino langu. Mama, Shangazi na kina mama wengine walikuwa dirishani, nyuma ya pazia.

Yule mzee alikuwa na mazoea yake. Akianza sentensi, anakamata mikono ya kiti kwa nguvu. Akifika penye uzito, anaiachia, anazipitisha ndevu kiganjani, taratibu, kuanzia juu hadi chini.

"Tumepita," akasema, mikono kitini, "tumepita katika mtaa wenu huu, tukaona bustani." Mkono ndevuni. Nikaona uzi mmoja wa dhahabu. Nikadhani ni jua.

"Na katika bustani hiyo," kitini tena, "tumeona ua." Ndevuni. Halikuwa jua.

Ami naye ameona. Namfahamu Ami, akikaza taya vile ujue anapigana na kitu. Akajibu kwa utaratibu wake kwamba bustani ni kweli ipo na maua yamo, lakini bustani ina wenyewe na haiingiwi bila hodi. Mzee akafurahi kwa jibu hilo. Alipofurahi alijishika paji la uso.

Kila fumbo likazidi kumng'arisha. Kwenye "kisima cha maji matamu" ilikuwa mashavu. Kwenye "kijana wetu ana kiu" lilikuwa sikio moja, sijui kwa nini alilishika sikio. Wenzake watatu hawakuweza kumwambia, kwani mshenga mkubwa hakatizwi akiwa anasema, na zaidi ya hapo kila mmoja wao alikuwa ameshakitazama kiganja chake mwenyewe, akakifunga haraka na kukificha mapajani. Kanzu nazo kwenye mapaja zikaanza kung'aa.

Wakati huo huo beberu akaamua kupita. Alipita mbele ya baraza polepole, upande wa kushoto ukitutazama. Mshenga mdogo akamfuata kwa macho kutoka mwanzo wa nyumba hadi mwisho.

"Huyo ni mbuzi wa jirani," sauti ya Mama ikasema kutoka dirishani, na nyuma ya pazia mtu mmoja akatoa mlio, akaubana kwa kanga.

Barua ya posa ikatolewa. Bahasha nyeupe, imekunjwa ndani ya kitambaa cheupe. Ilipotoka kwa mzee ilikuwa nyeupe. Ilipofika kwa Ami ilikuwa na dole gumba la dhahabu katikati, limekamilika mistari yake yote. Shangazi anayo mpaka leo. Anasema hajawahi kuona posa iliyosainiwa vizuri namna ile.

Pangeishia hapo wangeondoka nusunusu, tungeweza kusema ni vumbi. Lakini jambo la heri haliishi bila dua. "Al-Fatiha," akasema mzee. Mikono minane ikainuka, viganja juu, na hapo baraza zima likaona. Dhahabu mpaka kwenye vifundo. Nilimtazama Ami, nikaona machozi yanamtiririka, na wale wageni wakadhani ni unyenyekevu wa dua. Tukasoma. Tukafika mwisho. Nikajisemea, jamani, mmoja wenu asahau kidogo tu.

"Amin," na wote wanne wakajipangusa uso kuanzia utosini hadi kidevuni.

Kimya kikatanda. Washenga wakatazamana. Kila mmoja aliwaona watatu na hakujiona mwenyewe, kwa hiyo kila mmoja akawahurumia wenzake. Nami nilitaka kuwafariji, nikafungua mdomo, leso ikalegea na kuniangukia shingoni. Mzee akaniona: sharubu, mdomo, pua, mashavu. Akanitazama kwa muda mrefu sana.

"Kumbe," akasema, "ni desturi ya nyumba."

Basi pazia likaanguka na fimbo yake, na kina mama wote wakaanguka nalo.

Dada yangu hakutoka chumbani siku ile wala iliyofuata. Barua yetu ya majibu ilikwenda, tumekubali, na ya kwao ikarudi na kikaratasi ndani: kanzu nne, kofia nne, dobi ameshindwa, tafadhali izingatiwe katika hesabu. Shangazi akaisoma, akavua miwani. Kwa desturi ya hapa, akasema, dhahabu huletwa nyumbani kwa bibi harusi. Hawa wamekuja mikono mitupu, wameondoka na dhahabu yetu mpaka masikioni, halafu wanadai? Akataka iandikwe kuwa wanadaiwa wao. Ami na yule mzee wakalimaliza kiutu uzima: upande wetu ungebeba gharama ya turubai na viti vya siku ya harusi, na habari ya kanzu isingetajwa tena.

Mimi nikapewa kwenda kukodi viti. Nilichukua vya plastiki, vyeupe, vipya. Siku ya nikahi nikamchagulia yule mzee kilicho bora, nikakipangusa mbele yake kwa kitambaa, nikamkaribisha kwa mikono miwili. Ndevu zilikuwa zimesharudi nyeupe, isipokuwa karibu na sikio. Akanishukuru vizuri tu. Kisha akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti, akakitazama kile kidole upande huu na upande ule, akakinusa, akakivuta kiti cha mwenzake, akakalia hicho.