Haikuwa mvua ya dari, yalikuwa marashi

Shoga yangu mmoja, simtaji maana atajitaja mwenyewe, ameshawaeleza nyote kwamba Jumamosi dari ya ukumbi ilifungua maji ikamwogesha mgeni rasmi, kwenye shughuli ya kumuaga yule binti wa Kijerumani aliyemaliza mwaka wake wa kujitolea shuleni. Uongo mtupu. Dari haina hatia.

Vile vibomba vya darini vya kumwaga maji ya kuzima moto vina kichupa cha kioo, na kichupa hicho hupasuka kwa joto, si kwa moshi. Chekundu hupasuka kikifika nyuzi 68 hivi. Joto hilo lingefika pale juu, shoga asingekuwa na nafasi ya kurekodi.

Kilicholia ni king'ora cha moshi, na aliyekiliza, haya, ni chetezo changu, chombo ninachofukizia udi kwenye shughuli. Ndani ya kile kidude mna mwanga mdogo. Moshi ukiingia, mwanga unatawanyika na kulipiga jicho lake, nacho kinalia. Hakitofautishi udi na pazia linaloungua. Na ukumbi wenyewe madirisha yote yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, moshi hauna pa kutokea.

Mnaojua shughuli za kuagana mnajua zinavyokwenda: dua, neno la mwenyeji, cheti, mgeni rasmi, zawadi, kisha anayeondoka atoe shukrani, watu wale. Udi na marashi ni mwisho, watu wameshanawa mikono. Makaa yangu huyapigia hesabu hiyo. Ni makaa ya vifuu, nayawasha nje, nayaacha mpaka yavae jivu jeupe kote, hata katikati kusibaki weusi. Hapo ukiweka kipande cha udi kinayeyuka taratibu na moshi unatoka mwembamba. Udi wetu wa kupika una sukari, jamani. Ukiutia juu ya kaa lililo jekundu wazi, sukari inaungua kabla udi haujanukia, na moshi unakuja mzito mweupe, kama sukari guru iliyoshika sufuria.

Basi mratibu akanijia mbio. "Mama, mgeni rasmi ana ndege ya Nairobi. Tunaanza na zawadi na udi, hotuba zitafuata."

"Mwanangu, makaa hayajaiva."

"Tia hivyo hivyo, mama. Ni ya picha tu."

Ya picha! Haya, picha si mmeipata?

Nikaingia, chetezo mkono mmoja, mrashi wa kunyunyizia marashi mkono wa pili. Nikaanza na binti. Amejifunga leso mpya za Biashara Street, Mombasa, koja la asumini shingoni, na leso akazipanua moshi uingie, kama alivyofunzwa na mama aliyekuwa akikaa kwake Kibokoni. Vigelegele. Nikaongeza kipande, maana mgeni rasmi hafukizwi makombo.

Na yule ni mtu wa pwani, mambo anayajua. Akafungua vifungo, akainama juu ya chetezo, akalishika koti huku na huku moshi usipotee. Hapo ndipo king'ora kilipolia.

Yeye akabaki vile vile ameinama. Nafikiri alidhani ni simu ya mtu. Mimi natazama pa kutua chetezo: chini zulia, mezani vitambaa vya karatasi, mkononi moto. Akili ikaniambia zima makaa. Na maji niliyokuwa nayo ni marashi mawaridi.

Mrashi, kwa wasioujua, hutoa matone. Kichwa chake kina vitundu, nacho hukazwa shingoni kwa kuzungushwa. Wangu ni wa shaba, wa nyanya, meno ya kukazia yamelika, ndio maana mimi huyavisha uzi wa pamba kwanza. Siku ile aliyeujaza ni mpwa wangu, na mpwa wangu habari za uzi hana. Tena kaujaza mpaka shingoni, na mrashi hujazwa nusu.

Nikatikisa. Matone mawili matatu, tss, juu ya kaa. Nikatikisa tena, kichwa kikang'oka. Nilikiona, wenzangu. Kilipanda kikimeta chini ya zile taa, nami nikakifuata kwa macho, kwa hivyo sikuona kwamba mkono wangu bado unatikisa. Marashi yakamshukia mgeni rasmi utosini, yakapita nyuma ya masikio, yakaingia kolani. Yaliyobaki yakatua kwenye makaa. Na makaa mekundu ukiyamwagia maji ghafla hayazimiki kwa adabu. Mvuke unafumka, unabeba jivu. Jivu likapanda. Uso ulikuwa umelowa. Likashika.

Akainua kichwa polepole. Mweupe pe, mpaka kope, ananukia waridi.

"Mama," akaniuliza, kwa upole ambao heri angenitukana, "umemaliza?"

Nikamjibu, "Karibu tena."

Karibu tena! Mimi, mtu mzima na miwani yangu!

Aliyekumbuka la kufanya ni binti peke yake. Kwao hufanyishwa mazoezi ya moto tangu shuleni: mkoba unauacha, lifti huipandi, unashuka kwa ngazi, na nje mnahesabiwa. Akatutoa sote, akatuhesabu kwenye maegesho, leso zikipepea.

Mengine mafupi. Cheti alikabidhiwa katikati ya magari mawili, shukrani akazitoa kwa Kiswahili bila maikrofoni, biriani ikaliwa imepoa, ndege ya Nairobi ikaondoka bila mtu wake.

Mnaoniuliza kama bado nachukua kazi: nachukua. Barazani, makaa yameiva, na mratibu akae mbali.

Kichwa cha mrashi tulikitafuta hadi chini ya zulia. Jana kaja dereva wa mgeni rasmi nacho, kumbe kilikuwa ndani ya mfuko wa koti. Na ametumwa aulize ule udi nauza vipi.